Telekomande ya Mkwe

DVD yetu ilikuja bila telekomande, kile kidude cha kuiongozea mashine kwa mbali. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu mambo mengine yote, pamoja na ndoa yangu, yalitoka hapo.

Baba aliinunua sokoni hapa Kamina, kwa mfanyabiashara aliyeshuka na mzigo wake kutoka treni ya Lubumbashi. Mtu huyo alikuwa na mashine nyingi za aina moja, zimepangwa juu ya turubai kama matofali, na telekomande moja. Kwa telekomande hiyo alimwonyesha kila mnunuzi kwamba mashine yake inafanya kazi, kisha akairudisha mfukoni imngoje mnunuzi mwingine. Baba alifika nyumbani na mashine, waya zake, na maelezo kwamba telekomande ni kitu cha watu wavivu.

Ilikuwa DVD ya bei ya chini, na haikujificha. Jina lililoandikwa mbele lilifanana na jina la kampuni kubwa, ila herufi moja ilikuwa imehama mahali pake. Mama hajui kusoma, kwa hiyo yeye peke yake alikuwa na hakika kwamba tumenunua kitu halisi. Vitufe vilikuwa vinne: cha kuwasha, cha kuchezesha, cha kuruka mbele na cha kufungua. Cha kufungua kilikufa kabla mvua za kwanza hazijaisha. Baba ni seremala. Alichukua kipande cha mulombwa, ule mti mwekundu mgumu, akachonga kijiti bapa chenye ncha iliyopinda, na tangu siku hiyo kisahani cha diski kilivutwa nje kwa kijiti. Alikiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na penseli yake ya kazi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Mama naye alifuma kitambaa cheupe cha kuifunika mashine, kwa sababu kitu kisicho na kitambaa sebuleni kwake kilikuwa uchi. Mashine ikifunikwa inapata joto, ikipata joto picha inaganda. Baba akakitoa kitambaa. Mama akakirudisha. Waliendelea hivyo kwa miaka, bila ugomvi, kila mmoja akingoja mwenzake atoke sebuleni.

Shida yetu kubwa ilikuwa lugha. Kwenye makasha ya diski iliandikwa kwamba Kifaransa kimo, na kilikuwamo kweli, lakini kitufe cha kukiita kilikuwa kwenye telekomande. Bila telekomande, kila filamu ilianza kwa Kiingereza na ikaisha kwa Kiingereza. Mimi nafundisha shule ya msingi, Kifaransa nakijua. Wadogo zangu wawili walikuwa bado shuleni, nao walikisikia vizuri. Kiingereza hatukuwa nacho. Aliyekuwa nacho ni baba.

Ujanani alifanya kazi miaka miwili kwa wamisionari fulani wa kutoka ng'ambo, akiwatengenezea mabenchi. Sisi ni Wakatoliki tangu zamani za babu, na kanisa lile halikuwa letu, lakini benchi ni benchi. Huko alijifunza, kama nilivyokuja kujua baadaye, salamu ya asubuhi, majina ya misumari, na neno la kumzuia mtu asikate ubao. Kwa mtaji huo alikaa mbele ya televisheni akaanza kututafsiria.

Tulikuwa tunaangalia Jumapili baada ya misa, wakati jua limesimama juu ya paneli na betri ina nguvu. Majirani walikuja na viti vyao. Diski tulikuwa nazo kadhaa, lakini moja ndiyo watu waliyoitaka, na baada ya mwaka mmoja hatukuweka nyingine. Ndani yake kulikuwa na mzungu mrefu mwenye koti jeusi, mzungu mwingine mwenye ndevu, mzee mwenye kofia, na mwanamke aliyeendesha gari jekundu. Watu hao walifukuzana muda mrefu mjini, wakafika kwenye daraja la reli, na mwenye ndevu akaanguka mtoni.

Kwa mujibu wa baba, mwenye koti na mwenye ndevu walikuwa ndugu wa baba mmoja, mwenye koti mkubwa, mwenye ndevu mdogo. Baba yao alikufa wakati mdogo yuko mbali. Mkubwa hakumngoja, alizika. Mdogo alifika na kukuta udongo umeshalainishwa juu ya kaburi, akageuka bila kusalimia mtu. Tangu hapo mkubwa anamtafuta amweleze, na mdogo anakimbia asisikie. Mzee mwenye kofia ni mjomba wao. Pale anapokaa mezani hotelini na kusukuma sahani, maana yake ni kwamba amekataa kula mpaka watoto wapatane. Mwanamke wa gari jekundu ni mke wa mkubwa, na anakimbiza gari vile kwa sababu ndiye aliyemwambia mumewe, hata kama ni mbali namna gani, tutamfuata.

Halafu wanafika darajani. Mwenye koti anasema maneno machache, na majirani wote waliyajua kwa moyo: "Niliogopa kukungoja. Ungekuya, ningelia mbele yako." Hapo mama alitumia ncha ya kitenge chake. Mwenye ndevu anafungua kinywa, na mto chini ni mkubwa, unanguruma. Baba alisema kwamba hapo maji yanapiga kelele na jibu halisikiki. Kisha mdogo anaanguka, diski inakwisha, na watu wanabeba viti vyao.

Nilikuwa na mashaka. Mzungu akisema neno moja, baba alitafsiri kwa dakika mbili. Mwingine akihutubia kwa hasira mpaka mate yanaruka, baba alisema, anamsalimia. Ukimuuliza swali katikati, aligonga meza mara moja kwa kile kijiti, na maana yake ilikuwa kwamba umekosea na unyamaze. Ukirudia hadithi yake mbele za watu na kuruka kipande, aligonga pia. Kwa kijiti kile alitawala sebule. Kiwandani kwake vijana wenye mashine za umeme walikuwa wamemnyang'anya kazi zote za maana, na siku sita za juma alitengeneza vigoda. Siku ya saba alikuwa mtu anayesikia Kiingereza. Kwa hiyo mashaka yangu niliyaweka moyoni.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, kwa sababu alipenda kujisikitikia. Kila Jumapili filamu ikiisha alijinyoosha, akashika koo, akasema kwamba angekuwa na telekomande angetuwekea Kifaransa, sisi tupumzike na yeye apumzike. Majirani walimwonea huruma. Alilisema hilo kwa miaka, akiwa na hakika kabisa kwamba telekomande haitakuja.

Na mimi nikalirudia kwa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi wa redio kule kambi ya jeshi, askari mtoto wa askari, mzaliwa wa jimbo la Ekwateri, ambako Kiswahili hakisemwi. Swahili yake ilikuwa ya kujifunza ukubwani, na ilionekana. Alikuwa amefanya kazi mashariki pamoja na askari wa kigeni, akawa mkalimani wao, na Kiingereza alikisema kama maji. Tulijuana kwa sababu ya redio ya shule, na redio ilichukua miezi minne kupona ingawa ugonjwa wake ulikuwa waya mmoja. Alipotaka kuja kujionyesha nyumbani kama mchumba wangu, aliniuliza mzee wangu anapenda nini. Nilifikiri kidogo, nikamwambia kwamba baba analia kila Jumapili juu ya telekomande. Nilisema bila kuona mbele, nami mwalimu mzima.

Baba hakumtaka. Alisema askari ni watu wa kuhamishwa, leo yuko Kamina, kesho yuko mahali ambapo hata treni haijui. Alisema pia kwamba mtu asiyejua Kiluba atamwombaje mwanamke. Lakini mama alimbembeleza, na mwisho akakubali kumwona mara moja. Mara moja, alisema, na akaonyesha kidole.

Nilimfunza mgeni wangu mambo ya kwetu. Nilimwambia kwamba akifika apige makofi mepesi, ainame, aseme "eyo vidye" kama tunavyomwitikia mkubwa. Nilimwambia kwamba hatamwona mama. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama atakaa chumbani nyuma ya pazia la mlango. Akauliza kama mama ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, ni heshima. Nilimwambia asimkosoe baba kwa lolote, hata baba akisema jua linatoka magharibi, kule Angola. Na nilimwambia kwamba zawadi ya kwanza ya mkwe, nyumbani kwetu, inatumiwa palepale mbele yake. Ikiwekwa kando bila kutumiwa, anajua amekataliwa, anaaga na kwenda. Hilo la mwisho nililisema kwa furaha, kwa sababu nilikuwa najua zawadi ni nini.

Alikuja Jumapili. Majirani walikuwa wamejaa, maana habari ya mkwe askari ilikuwa imetembea. Alipiga makofi, akainama, akasema "eyo vidye" kwa sauti ya paredi. Baba alimpa kiti. Mama alikohoa nyuma ya pazia, na hiyo ilikuwa salamu. Mgeni akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya buluu, akampa baba kwa mikono miwili. Baba akafungua taratibu, akaona ni telekomande.

Namjua baba yangu. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ameogopa. Alitazama kile kitu, akanitazama mimi, na ndipo nilipoelewa nilichofanya. Akikiweka kando, amemkataa huyu mtu mbele ya mtaa mzima, na mimi sitaolewa naye. Akikitumia, Kifaransa kitaongea, na mtaa mzima utasikia.

Alisema asante. Alisema ni kitu kizuri, ila bahati mbaya mashine yetu ni ya aina nyingine. Fundi wa redio akajibu kwamba hiyo ni telekomande ya mashine zote. Kuna karatasi ya namba, unajaribu moja moja mpaka ikubali. Akakunja mikono ya shati, akapiga magoti mbele ya televisheni, akaanza.

Namba ya kwanza ilikataa. Ya pili ilikataa. Baada ya kumi baba aliomba mgeni aletewe maji. Baada ya ishirini alimuuliza habari za wazazi wake, akasikitika kwamba baba yake alishafariki. Kadiri namba zilivyokataa ndivyo baba alivyozidi kumpenda. Alifika mahali pa kumwambia kwamba zawadi ni moyo, na moyo ameuona, basi aache, apumzike. Nami nilianza kupumua. Nilikuwa namwomba Mungu karatasi iishe, na ni mimi niliyemwambia mtu huyu ainunue.

Ilikubali karibu na mwisho wa karatasi. Kitaa kidogo cha kijani kikawaka, na majirani wakapiga makofi.

Baba alivuta kisahani kwa kijiti chake, akaweka diski. Hakuwa na namna. Mgeni akabonyeza mahali, na mwenye koti jeusi, ambaye tulimjua kwa miaka, akaanza kusema Kifaransa.

Akasema kwamba yeye ni muuaji wa kulipwa. Akasema mwenye ndevu ni mwizi wa almasi na hawajawahi kuonana. Mzee mwenye kofia hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa bwana wao, na pale hotelini alisukuma sahani kwa sababu supu ilikuwa baridi. Mwanamke wa gari jekundu alikuwa mwizi pia. Sikutafsiri chochote, na wadogo zangu waliangalia miguu yao, lakini Kamina Kifaransa si siri. Kila nyumba ina mtu aliyefika darasa la sita, na mnong'ono ulikwenda kutoka kiti hadi kiti. Baba alikaa wima. Kijiti kilikuwa mkononi, hakikugonga kitu. Nilimwonea huruma.

Darajani, mwenye koti alimwambia mwenye ndevu aweke mfuko chini la sivyo atampiga risasi. Hapakuwa na zaidi.

Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, tulivu kabisa, sauti anayotumia kusema kwamba chumvi imekwisha.

"Ule Mufransa hasikie Kingereza muzuri. Anabakosea bale bantu. Murudishe bile ilikuwa."

Hakuna aliyecheka. Kilichonishangaza ni kwamba majirani waliitikia kwa vichwa. Mwanamke mmoja mjane, muuza majani ya sombe, alisema kwamba yeye pia ameona, midomo ya yule mzungu haifuatani na maneno. Mwingine akasema Wafaransa siku zote wana haraka. Baba alingoja wamalize, kisha akamgeukia mgeni.

"Weye njo unajua Kingereza," akasema. "Nani anasema kweli? Ni minyi ao ni ule Mufransa?"

Kambini mtu akiulizwa anajibu, na anajibu kilichopo. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Alitazama telekomande yake. Alitazama pazia. Mwisho alisema, polepole, akitafuta kila neno:

"Papa, minyi nilijifunzaka Kingereza ya kambi. Ile ya mambo ya famille, weye njo unaisikia kunipita."

Baba alirudisha kijiti mfukoni. Kisha akaniambia nimletee mgeni bukari, ugali wa kwetu.

Jioni ile, jikoni, nilimuuliza mama kama alijua. Alikuwa anapepeta unga na hakuacha. Aliniambia kwamba babu alipokufa kule Kaniama, baba alikuwa Bukama akitengeneza milango. Alipopata habari alitafuta mbao nzuri za mulombwa, akazipakia kwenye treni ili amchongee mzee sanduku kwa mkono wake, maana ndiye seremala wa ukoo. Treni ilikwama njiani siku tatu. Alipofika Kaniama, kaka yake, ambaye mimi namwita baba mkubwa, alikuwa ameshazika. Joto halingoji mtu, na baba mkubwa hakuwa na makosa, lakini hakusema neno. Hakusema hata pole. Baba naye hakukaa kula. Alirudisha mbao zake kwenye treni.

Nikauliza mbao zilikwenda wapi. Mama akaelekeza kidevu sebuleni. Meza ya televisheni ilikuwa ya mulombwa, na miaka yote nilikuwa naifuta vumbi. Kijiti kilikuwa kipande kilichobaki.

Nililia jikoni, na mama aliniambia nisilowanishe unga.

Tulifunga ndoa mwaka uliofuata. Telekomande ilitumika ile Jumapili moja, heshima ikawa imetimia, na baada ya hapo baba aliiweka kabatini. Betri zake mbili alizitia kwenye saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama tangu Krismasi, akasema angalau sasa telekomande inafanya kazi. Filamu ilirudi kwenye Kiingereza na baba akarudi kwenye kiti chake. Mume wangu alikaa Jumapili zote kando yake, akisikiliza kwa masikio mawili, moja la maneno ya kweli na moja la maneno ya baba, na sikumwona akitabasamu mahali pabaya hata mara moja. Hata hakuhamishwa. Baba aliliona hilo kuwa ni ukaidi wa jeshi dhidi yake.

Msimu wa mahindi uliopita baba alianguka kiwandani. Mkono wa kuume ulikataa, na ulimi ukakataa. Alitoka hospitali akiwa anaelewa kila kitu na hawezi kusema kitu. Jumapili ya kwanza tuliwasha DVD kwa sababu hatukujua la kufanya. Mzungu wa koti alisema Kiingereza chake, na sebule nzima ikawa inaangalia watu wanaofukuzana bila sababu. Baba alifumba macho. Nilitaka kuzima.

Mume wangu ndiye aliyesogeza kiti. Akasema, kwa ile Swahili yake iliyovunjika miguu, kwamba hawa ni ndugu wa baba mmoja. Baba akafumbua macho. Aliendelea: baba yao alikufa, mkubwa hakungoja. Akaruka kipande cha mjomba, na kijiti, katika mkono wa kushoto, kikagonga meza. Akarudi nyuma akamweka mjomba mahali pake na sahani yake. Hivyo ndivyo tunavyoishi tangu Jumapili ile. Mtu pekee ndani ya nyumba anayesikia maneno halisi ya filamu ndiye anayetusimulia yale mengine, na baba anamsahihisha kwa mulombwa.

Baba mkubwa alifika mwezi uliopita kutoka Kaniama, nyuma ya pikipiki, na gunia la mahindi limefungwa mbele ya dereva. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani. Mzee mrefu, mkavu, mwenye koti zito ambalo hakulivua. Alimsalimia mdogo wake, baba akamtazama, na basi. Alipewa kiti na kikombe cha karanga. Ilikuwa Jumapili, saa nane, majirani wanaingia na viti vyao, na hakuna aliyejua namna ya kuwaambia leo hapana. Mama, kutoka kwenye pazia lake la mlango, akaniambia kwa macho niache.

Mume wangu alianza. Alipofika kwenye kuzika bila kungoja, alinitazama mimi. Alisema kama kawaida. Baba mkubwa alikuwa anamenya karanga, aliacha. Alisikiliza habari za mjomba. Alisikiliza habari za gari jekundu. Darajani, mume wangu alilisema neno la mwenye koti, na majirani walilisema pamoja naye kwa chini, kama kanisani. Mwenye ndevu akafungua kinywa, akaanguka.

"Na ule mudogo," baba mkubwa akauliza, "anajibu nini?"

Mume wangu alimwambia kwamba papa anasemaka pale maji yanapiga makelele, jibu halisikiki.

"Rudisha nyuma."

Mashine haina kitufe cha kurudisha nyuma. Kiko kwenye telekomande. Nilikwenda kabatini, nikaipata chini ya vitambaa vya mama, na mume wangu akapanda kwenye kigoda, akaishusha saa ya ukutani, akatoa betri. Kitaa cha kijani kikawaka. Mwenye ndevu akapanda kutoka mtoni akasimama darajani. Mume wangu akalisema neno mara ya pili. Baba mkubwa akasema tena, rudisha.

Mara ya tatu mume wangu hakuwahi. Baba mkubwa alikuwa amegeuza kiti, mgongo kwa televisheni, magoti yake yakigusana na ya baba.

"Niliogopa kukungoja, mudogo yangu," akasema. "Ungekuya na zile mbao, ningelia mbele yako."

Hilo la mbao halimo kwenye filamu. Halijawahi kuwamo. Wote tulitazama kijiti. Baba alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto, ncha yake kidole kimoja juu ya meza. Hakikugonga.

Baba mkubwa alikaa siku nne. Alikula kila alichopewa. Saa ya ukutani imelala kabatini mahali pa telekomande, inasema saa tisa na dakika kumi, na hakuna aliyeomba betri zirudishwe.